Kupanda na Mizabibu: Wiki katika Mabonde ya Calchaquí, Argentina

Jumapili, Salta

Ndege kutoka Buenos Aires huchukua kama saa mbili kufika Salta, mji ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1582 chini ya safu za kwanza za milima ya Andes. Tulishuka kukiwa na manyunyu. Mji huu uko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Dodoma ninakotoka, nami nilitarajia hewa kavu ya nyumbani. Nilikuta bonde la kijani na mashamba ya tumbaku, na mawingu yamelalia vilima.

Mimi ni bibi shamba. Kazi yangu ni wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, na mwenzangu wa safari ni bwana shamba tuliyesoma naye Morogoro. Vitabu tulivyofundishiwa vilisema mzabibu wa mvinyo hustawi kati ya latitudo 30 na 50, kaskazini au kusini mwa ikweta. Dodoma iko 6. Mabonde tunayoelekea yako kati ya 24 na 26, kwenye kizingiti cha tropiki, na bado mvinyo wake mwekundu huwekwa meza moja na ule wa Ufaransa. Hawa watu wamepandisha mizabibu milimani ili kupata baridi ambayo latitudo imewanyima. Nilitaka kuona kwa macho yangu inavyofanya kazi, maana nasi tuna milima.

Jioni tulikula empanada za Salta: ndogo, zina nyama iliyokatwakatwa kwa kisu na vipande vya viazi, unaziuma umeinama ili mchuzi usikudondokee kifuani. Mvinyo tuliusubirisha.

Jumatatu, barabara ya 68

Kutoka Salta hadi Cafayate ni kama kilomita 190, lami tupu. Nusu ya kwanza haina la kusimulia. Baada ya Alemanía, kijiji chenye stesheni ya reli isiyopitiwa tena na treni, nchi inageuka ghafla. Ukijani unakatika, kuta za mawe mekundu zinasimama pande zote mbili, na mto unapita katikati ukiwa na maji ya rangi ya matofali. Hili ndilo korongo la Quebrada de las Conchas.

Dereva alisimama penye ufa mkubwa wa mwamba uitwao Garganta del Diablo, yaani Koo la Ibilisi, kisha akatupeleka Anfiteatro, ambapo kuta zimejikunja kuwa ukumbi usio na paa. Kijana mmoja alikuwa anapiga gitaa ndani. Hakukuwa na kipaza sauti, lakini kila uzi ulisikika hadi tulipokuwa tumesimama.

Nilichokuwa nakitazama zaidi ni mimea. Unyevu huku hutoka mashariki. Mawingu yakigonga miteremko ya upande ule humwaga mvua yote huko, yakivuka yanakuwa matupu. Ndiyo sababu asubuhi tulikuwa kwenye tumbaku na manyunyu, na mchana tumezungukwa na miiba. Cafayate hupata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka mara nyingi. Dodoma, ambayo sisi wenyewe tunaiita nusu jangwa, hupata zaidi ya 500. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni balaa. Kwa mkulima wa zabibu ina maana kwamba ukungu wa majani, ule unaotuumiza sana masika, hapa hauna pa kujishikiza. Maji huja kwa mifereji kutoka kwenye mito na theluji ya juu, na mkulima ndiye anayeamua mzabibu unywe lini na unywe kiasi gani.

Jumanne, Cafayate

Cafayate ni mji mdogo wenye uwanja wa miti katikati, kanisa la rangi ya mchanga upande mmoja, na viwanda vya mvinyo vinavyofikika kwa miguu. Uko karibu mita 1,700. Tulifika wakati mzuri, Machi, msimu wa mavuno.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa shambani na wachumaji, tumevaa sweta na kofia za sufu. Saa sita mchana nilikuwa natafuta kivuli. Tofauti ya joto kati ya usiku na mchana hapa hufika nyuzi 20, na humo ndimo siri yote ilimo, kwa hiyo niieleze vizuri.

Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi, lakini jua haliwi pole, linazidi ukali. Hewa ni nyembamba, haina mawingu wala vumbi la kutosha kulichuja, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 12 katika kila mita 1,000. Punje ya zabibu haina pa kukimbilia. Inajikinga kwa kufanya ganda lake kuwa nene na kulijaza rangi na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Na kwa kuwa nyama ya zabibu nyekundu karibu zote ni nyeupe, mvinyo mwekundu hupata wekundu wake kutoka kwenye ganda peke yake. Jua kali, ganda nene, mvinyo mweusi.

Jua peke yake lingeleta sukari nyingi tu na mvinyo wenye ladha ya jamu. Baridi ya usiku ndiyo inayookoa. Usiku mzabibu nao hupumua, na katika kupumua hutumia akiba yake ya asidi. Ukipoa, upumuaji hupungua na asidi hubaki. Kwa hiyo punje inaiva kabisa mchana bila kupoteza ukali wake unaoburudisha. Mwenzangu alitafuna moja, akatema maganda kiganjani, akanionyesha: vidole vyake vilikuwa zambarau. "Dada, tazama ganda hili," akaniambia. "Ya kwetu ukiibonyeza inateleza yote mdomoni. Hii lazima uitafune."

Kwetu kuna jambo jingine. Mizabibu ya Dodoma hailali. Hatuna kipupwe cha kuuangusha majani yote, kwa hiyo tunaulazimisha kwa mkasi: tunapogoa, unachipua, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wenye shamba hapa walisikiliza hilo kwa mshangao wa wazi. Mzabibu wao hulala miezi ya Juni na Julai, kavu kama kuni, na huamka mara moja tu. Mzee mmoja wa shambani aliniuliza mzabibu wetu unaishi miaka mingapi kwa kazi hiyo. Lilikuwa swali la haki, na nilimweleza kwamba uchovu wa shina ni moja ya matatizo yetu makubwa.

Kiwandani zabibu hutolewa kwenye vikonyo, zikapasuliwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa. Maganda yanaelea juu, wanayasukuma chini au wanapampu juisi kutoka chini na kuyamwagia, ili rangi na tanini zitoke. Ule unaokusudiwa kukaa sana hupelekwa kwenye mapipa ya mwaloni. Hapa maganda ni mazito kiasi kwamba kazi si kutoa rangi, kazi ni kujua pa kuacha. Wakichelewa, mvinyo unakausha ulimi kama ndizi mbichi.

Zabibu inayotawala ni Malbec, asili yake Cahors kusini-magharibi mwa Ufaransa, iliyoletwa Argentina katikati ya karne ya 19. Wananchi wengi wa Argentina wanaijua Malbec ya Mendoza, maana Mendoza ndiyo yenye sehemu kubwa mno ya mizabibu ya nchi, na Salta ina asilimia chache tu. Lakini nitasema mapema: mvinyo ulionishika Cafayate ulikuwa wa Tannat, zabibu nyingine kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, ngumu, ya watu wenye subira. Mahali pengine hunyweka kwa shida. Jua la hapa limeilainisha bila kuivunja.

Kuna nyeupe pia, Torrontés, iliyozaliwa Argentina kutokana na Muscat ya Alexandria na zabibu za zamani za wamisionari. Inanukia waridi. Mizabibu yake mikongwe imetandazwa juu kama dari, ili majani yawe mwavuli wa vishada. Duka moja mjini linauza aiskrimu ya Torrontés na ya Cabernet. Tulikula zote mbili.

Jumatano, Quilmes

Leo hatukuonja chochote. Tulikwenda kusini, tukavuka mpaka kuingia mkoa wa Tucumán, hadi magofu ya Quilmes: kuta za mawe zilizopanda mlima ngazi kwa ngazi, na mipungate mirefu imesimama katikati ya vyumba.

Bonde hili lina wenyewe. Lilipewa jina la Juan Calchaquí, kiongozi wa Wadiaguita aliyewapinga Wahispania katika karne ya 16, na vita hivyo vilirudi tena na tena hadi 1667. Waquilmes, mojawapo ya jamii za Wadiaguita, walihimili kwa takriban miaka 130. Waliposhindwa, walitolewa hapa na kutembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 hadi karibu na Buenos Aires. Wengi walifia njiani na wengine baada ya kufika. Mahali walipowekwa pakaitwa Quilmes, na jina hilo leo liko kwenye chupa za bia nchi nzima.

Aliyetutembeza ni mwanamke wa jamii hiyohiyo, maana wazao wa waliobaki na waliorudi bado wapo na wanadai ardhi yao. Alituonyesha mabwawa na mifereji ya mababu. Nimeona niyaandike haya kwa sababu broshua nyingi za mvinyo huanza hadithi na mapadre walioleta mizabibu ya divai ya misa, na wanaruka moja kwa moja hadi kwa familia za Kihispania. Lakini ujuzi wa kuleta maji ya mlimani kwenye bonde kavu ulikuwapo kabla ya shina la kwanza la mzabibu kufika.

Alhamisi, barabara ya 40 kuelekea Molinos

Barabara ya 40 inaipita Argentina kwa urefu wake wote magharibi, zaidi ya kilomita 5,000. Kipande chetu, kaskazini ya San Carlos, ni changarawe na vumbi. Gari lilitembea polepole na hakuna aliyelalamika, kwani kabla ya kufika Angastaco unaingia Quebrada de las Flechas, Korongo la Mishale. Matabaka ya miamba ya kijivu yamesukumwa na milima hadi yakasimama wima, ncha juu, maelfu kwa maelfu, na barabara inapenya kati yake kwa shida. Upepo ulikuwa mwingi mno hata kuongea nje ya gari hatukuweza.

Vijiji ni vya matofali mabichi. Pembeni ya Molinos tuliona miteremko imetandikwa mazulia mekundu, nikadhani ni vitambaa. Ni pilipili hoho nyekundu zinazokaushwa juani ili zisagwe kuwa pimentón, zao jingine kubwa la mabonde haya. Mama mmoja alikuwa anazigeuza kwa reki. Alituambia jua ni hilohilo linaloivisha zabibu, ila pilipili inamlipa mapema.

Kanisa la Molinos lina minara miwili na paa la mbao za mpungate, mbao zenye matundu matundu. Ndani umehifadhiwa mwili wa Nicolás Severo de Isasmendi, gavana wa mwisho wa mfalme wa Hispania katika Salta. Tutakutana naye kesho kwa njia nyingine.

Ijumaa, Colomé

Kutoka Molinos ni kama kilomita 20 za barabara ya vumbi, ukivuka maji mara mojamoja, hadi Colomé, kwenye mita 2,300. Kiwanda hiki kilianzishwa mwaka 1831, na Isasmendi ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Mwaka 1854 binti yake, Ascensión, aliyeolewa na José Benjamín Dávalos, alileta vipandikizi vya Malbec na Cabernet Sauvignon kutoka Ufaransa.

Tarehe hiyo ina uzito. Miaka michache baadaye mdudu wa filoksera, anayekula mizizi, aliingia Ulaya na kuteketeza sehemu kubwa ya mashamba, na tangu hapo mizabibu ya Ulaya hupandikizwa juu ya mashina ya Kimarekani yanayomhimili. Vipandikizi vya Ascensión viliondoka kabla. Hekta nne za mizabibu hiyo zipo mpaka leo, juu ya mizizi yake yenyewe. Niliruhusiwa kuigusa. Shina lina unene wa paja, limejipinda hadi karibu lilale chini, na bado lilikuwa na vishada. Wakulima wangu huanza kufikiria kung'oa mzabibu ukiwa bado kijana sana. Nilipiga magoti kwenye mchanga na kukaa hapo hadi mwenzangu aliponiita.

Mwaka 2001 shamba lilinunuliwa na Mswisi Donald Hess, aliyepanda mashamba mengine juu na chini ya bonde. Sasa kampuni ina Malbec katika ngazi nne: Cafayate kwenye 1,700, hapa kwenye 2,300, El Arenal kwenye 2,600, na Altura Máxima kwenye 3,111. Mvinyo wao unaouzwa zaidi unachanganya zote nne. Sisi tulikuja kwa ajili ya kuzionja mojamoja, zabibu ileile, mkono uleule, kinachobadilika ni mlima.

Ule wa 1,700 ulikuwa mnene na mkarimu, wenye ladha ya plamu zilizoiva sana. Ule wa 2,300 uliniduwaza kwanza kwa rangi, zambarau iliyokolea hata mwanga haupiti, kisha harufu ya maua, pilipili manga, na tanini iliyosimama imara bila kukwaruza. El Arenal ulikuwa mwembamba zaidi, una ukavu wa mchanga. Ule wa 3,111 ulikuwa mkali, mrefu, umejaa harufu ya majani ya porini, asidi yake inakufanya umeze mate.

Hapa nina maoni na nitayasema. Mtindo wa kuandika mita kwenye lebo kana kwamba ni alama za mtihani unapotosha. Wa juu kuliko wote haukuwa bora kuliko wote. Ulikuwa wa kusisimua, na ningeutambua popote, lakini mezani kwangu, na mbuzi wa kuchoma, ningeweka wa 2,300. Mwenzangu anapinga. Tulibishana mpaka jioni.

Jioni yenyewe ilikuwa ya jumba la makumbusho. Katikati ya milima isiyo na mtu, Hess alijenga jumba la kazi za James Turrell, msanii wa Marekani anayetumia mwanga kama wengine watumiavyo rangi, lilifunguliwa 2009. Unalala chini ya tundu la paa machweo, taa za ukutani zinabadilika polepole, na anga unaloliona linabadilika nazo mpaka huamini tena rangi yake. Mtu aliyeshinda siku nzima akifikiria mwanga unavyofanya kazi kwenye ganda la zabibu hakuhitaji kufafanuliwa.

Jumamosi, Payogasta na Cachi

Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro, fikiria umepita kibanda cha Mandara, kilichopo mita 2,720, uko njiani kuelekea Horombo, halafu unakuta shamba la zabibu. Ndivyo ilivyo Altura Máxima. Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema. Kichwa kiliniuma kidogo, na mfanyakazi aliyetuongoza alinipa majani ya koka nitafune shavuni, jambo ambalo kaskazini mwa Argentina ni la kawaida na sheria inaliruhusu.

Mistari ya mizabibu ni mifupi ya kimo, vishada vidogo, punje kama za mtama mkubwa. Kila kitu huku kinachelewa: kuchipua, kuchanua, kuiva. Hofu yao kubwa ni jalidi. Ikipiga machipukizi yakiwa machanga, au ikiwahi kabla ya mavuno, mwaka umekwenda. Mvua ya mawe nayo ipo. Nilimuuliza yule kaka kama inalipa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya ni mashamba ya kujifunzia, señora. Tunajifunza kila mwaka, na kila mwaka ni ghali."

Shamba hili liliwahi kutajwa kuwa la juu kuliko yote duniani. Sasa kuna mizabibu juu zaidi katika mkoa jirani wa Jujuy, na Tibet iko zaidi ya mita 3,500.

Tulilala Cachi, mji mweupe wenye mawe barabarani na Nevado de Cachi, mita 6,380, nyuma yake. Usiku tulisikia baguala ikiimbwa kwa ngoma ndogo tu na sauti inayopanda mpaka inapasuka.

Jumapili, kurudi

Barabara ya kurudi Salta inapita Recta del Tin Tin, mstari ulionyooka kama kilomita 18 kati ya mipungate ya hifadhi ya Los Cardones, inapanda hadi Piedra del Molino, zaidi ya mita 3,300, kisha inaporomoka kwa kona za Cuesta del Obispo. Juu tulikuwa juani. Kona tatu chini tuliingia ndani ya wingu, na tulipotoka tulikuwa tena kwenye ukijani na matope.

Njiani tulirudi kwenye ubishi wetu. Mwenzangu anataka tujaribu mizabibu ya mvinyo mwekundu kwenye nyanda za juu, mita 1,800 au 2,000, ambako usiku kuna baridi ya kweli. Namwambia milima yetu mingi ya kimo hicho ina mvua, na ukungu wa majani utakula faida yote. Calchaquí ina kimo na ukame pamoja, na hivyo viwili havikai pamoja kirahisi. Kinachoweza kusafiri ni namna ya kushughulika na jua. Kwa Mpunguzi msimu ujao nimeandika haya: kuchuma alfajiri na kufikisha zabibu kiwandani kabla ya saa tatu, kuacha majani yote ya upande wa magharibi ili kishada kisichomwe na jua la alasiri, kupunguza vishada kwenye mashina machache ya majaribio, na kuomba kiwanda kimoja kipokee mchuzi wa zabibu hizo peke yake, bila kuuchanganya, tuonje tofauti.

Sanduku langu lina chupa mbili za Malbec ya 2,300 na moja ya Tannat ya Cafayate. Lake lina ya 3,111.